Kishikwambi Kinachosimama Chenyewe

Jumatatu, 7 Aprili

Daftari hili nimelikuta chini ya godoro. Ukurasa wa kwanza aliyelala hapa kabla yangu amechora pikipiki, kurasa zilizobaki ni tupu. Shule niliacha darasa la saba, baba alipofariki, lakini mwandiko wangu mchungaji aliusifu. Nitaandika mpaka machenza yaishe.

Mimi ni Penisimani wa kisiwa cha Ha'ano, Tonga. Huu ni msimu wangu wa nne hapa Mundubbera, Australia. Nyumba moja, wanaume wanane, choo kimoja. Chumba nimepangiwa na Kelepi, tunatoka kijiji kimoja. Msimamizi wetu ni mzee Inoke, naye ni Mtonga, ila amekaa huku hadi amesahau kucheka.

Nyumbani nimewaacha watu wawili, mama na dada yangu. Mke wangu yuko Auckland na mtu mwingine, hilo halihitaji wino.

Siku niliyoondoka dada hakutoka mlangoni kuniaga. Mama alitoka peke yake. Mashua ilinisubiri, nikasimama uani na begi langu kama mtu anayedai, na mlango ukabaki mlango. Naandika hili ili nisilisahau.

Jumanne, 8 Aprili

Umande. Tumekaa chini ya miti mpaka saa nne. Chenza halikatwi likiwa na maji, ngozi yake huungua na baada ya siku mbili linatoka madoa. Tunaungojea umande ukauke, na kungojea hakulipwi.

Jumapili, 13 Aprili

Baada ya ibada nimempigia mama. Simu yake ni ile ya vitufe, sauti inakuja kama mtu aliye ndani ya debe.

"Dada hajambo?" nikauliza, kama inavyopasa.

"Ameenda Nuku'alofa."

"Kufanya nini?"

"Mambo yake."

"Atarudi lini?"

"Meli ikimrudisha, baba'ngu."

Mambo yake! Mjini, na pesa niliyotuma juzi ya kukarabati tangi la maji. Mama ana miaka themanini na moja. Nani anampikia?

Nilimweleza Kelepi. Alikuwa anafunga kamba za viatu, akazifunga, akazifungua, akazifunga tena.

"Wanawake na mji," akasema. Hakuniangalia.

Jumatano, 16 Aprili

Umande mpaka saa tano.

Jumamosi, 19 Aprili

Kelepi anaweza kumfanya hata nyoka acheke. Leo amemwigiza mzungu mwenye shamba, Gavan, akikagua vikonyo vya machenza: kakunja uso, kashika makasi kama daktari wa meno. "Hiki kikonyo kirefu, ndugu yangu! Kitamchoma mwenzake! Unataka kuua?" Hata Inoke aligeuka pembeni.

Jumapili, 4 Mei

Dada amerudi. Wiki nne mjini. Mama anasema amechoka, amelala.

"Nani kachota maji leo?"

"Mimi."

"Nani kalisha nguruwe?"

"Mimi, si wawili tu? Usijali, kutembea kunanipa afya."

Usijali. Mimi nabeba mfuko wa machenza kifuani tangu asubuhi mpaka mgongo uite jina la mama yangu, na mama yangu huko anabeba ndoo kwa sababu mtu amechoka na mji.

Kwetu dada ni mkubwa kwa kaka yake hata akizaliwa nyuma yake. Wangu alizaliwa mbele, basi ni mkubwa mara mbili. Akikitaka changu, ni chake. Siwezi kumgombeza, siwezi kumuuliza. Tangu nibalehe sijakaa naye chumba kimoja, sijatazama naye picha moja. Hata mwanamke akiwa mgonjwa, kaka yake ndiye wa mwisho kuambiwa, maana mwili wa dada si habari ya kaka. Sheria hiyo nimeiheshimu maisha yangu yote. Leo naandika kwamba imewafaa wavivu.

Jumapili, 11 Mei

Kanisa linakusanya mapipa ya kupeleka nyumbani kwa meli. Langu lina unga, sukari, nyama za kopo, sabuni, shuka mbili. Dada lazima apate kitu kizuri kuliko vyote, ndivyo ilivyo, umpende usimpende. Nimenunua viatu vya kanisani, vyeupe, ngozi halisi.

"Mama, namba ya mguu wa dada ni ile ile?"

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Mama?"

"Ongeza nyama ya kopo, baba'ngu."

"Nyama imo. Nauliza viatu."

"Ile ile," akasema. "Atafurahi."

Hata asante ilimkwama mama kooni. Nadhani amejua nilivyovinunua kwa meno yaliyoumana.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Hakuna kazi.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Hakuna kazi. Kelepi amelala siku nzima na miguu yake inanuka.

Jumapili, 1 Juni

Mama alikohoa katikati ya maneno. Anasema ni moshi. Nikamwomba Kelepi, mke wake anaishi nyumba ya nne kutoka kwetu: "Mwambie Fusi apite aone mama anaendeleaje. Aone kweli kweli, si kupunga mkono."

"Atapita."

Saa moja baadaye nikamfuata bafuni. "Amesemaje?"

"Wazima."

"Wazima vipi?"

"Wazima kama wazima, Peni! Unataka akutumie mkojo wao kwenye chupa?"

Wenzetu wakacheka. Yeye hakucheka. Kelepi asipocheka utani wake mwenyewe kuna kitu. Nadhani Fusi kamweleza jinsi dada anavyokaa tu na mama anafanya kazi, naye anaona aibu kuniambia.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeamua. Nitanunua kishikwambi, nimwone mama kwa macho yangu. Sauti inadanganya. Shavu halidanganyi.

Jumamosi, 14 Juni

Inoke ametupeleka Bundaberg, mwendo wa saa mbili na zaidi. Kelepi naye anataka kishikwambi, cha mkewe. Dukani vipo vingi, lakini vya mfuko wetu vilikuwa viwili, vimefungwa kamba ya chuma juu ya meza kama mbuzi wa sadaka.

Cha kwanza cheusi, inchi nane, chembamba. Kelepi akasoma karatasi yake kwa sauti ya kuhubiri. Betri ya siku nzima. Kamera ya mbele safi. Kumbukumbu mara mbili ya mwenzake. "Na tena kina kasi," akasema, "gusa uone. Unawaza tu, kimeshafungua."

Cha pili cha buluu, inchi saba, kimevalishwa gamba nene la mpira. Ukikiwasha bata anatokea, analia mara mbili. Ukigusa, unahesabu mpaka tano ndipo kinaitika. Kamera yake inaonyesha watu kama wamepakwa uji. Ila nyuma ya gamba kuna mguu. Unaukunjua, unakiweka popote, kinasimama chenyewe.

"Hicho cha watoto," Kelepi akasema.

Mwanamke muuzaji akaja, ana pete ya pua, mkarimu. "Mnataka kwa matumizi gani?"

"Ya kila siku," nikasema.

Akaona mkono wangu uko juu ya kile cha buluu. "Kizuri sana hicho. Mtoto wako ana miaka mingapi?"

"Themanini na moja."

Kelepi alikaa chini sakafuni kwa kucheka.

Tulibishana pale mpaka Inoke akapiga honi. Bei zilipishana kidogo tu.

"Peni, kuwa na akili. Mtu mzima hanunui bata."

"Mikono ya mama inatetemeka. Cheusi atakishika nani?"

"Dada yako, nani mwingi—" Akakatiza hapo hapo.

Tukatazamana. Hata yeye aliona. Dada akikishika atakaa ubavuni mwa mama, na uso wake utakuwa mbele ya uso wangu, umbali wa kiganja, na mimi hapa ninaweza kuwa nimelala kitandani na kaptura. Haifai. Ningekatisha kila mara kabla sijauliza lolote. Na la kuuliza ni juu yake huyo huyo. Nilitaka kitu kisichohitaji mkono wa mtu.

"Basi," Kelepi akasema taratibu. "Au usinunue kabisa. Sauti inatosha."

"Wewe mbona unanunua?"

Akachukua cheusi. Mimi nikachukua bata. Inoke alivitazama vyote viwili ndani ya gari. "Rahisi ni ghali," akasema, akawasha gari.

Jumatatu, 16 Juni

Umande. Kelepi kila anapokaa chini ya mti analia kama bata.

Jumanne, 17 Juni

Shamba zima linalia kama bata.

Jumapili, 29 Juni

Pipa limefika. Mama amefurahi kwa shuka. Nikangoja. Hakusema.

"Na viatu?"

"Dada yako anasema vimemtosha sana. Anakushukuru."

Vimemtosha sana! Anavivaa wapi? Kutoka mkekani kwenda mkekani? Nimemwambia Kelepi: "Miguu mizuri ile, imepata viatu vizuri, haiendi kokote. Mguu wa mama ndio unakwenda."

Kelepi akaweka sahani yake chini. "Acha, Peni."

"Niache nini?"

"Ni dada yako. Acha."

"Wewe ndiye unanifunza heshima leo?"

Akatoka nje. Sahani aliiacha nusu, na ilikuwa lu, majani ya taro na nyama katika tui, chakula tunachopata mara moja kwa mwezi. Nilimalizia mimi. Ilikuwa chungu mdomoni lakini nilimalizia.

Alhamisi, 3 Julai

Baridi imekata ncha za majani. Folau, mmoja wetu wanane, ameanguka kutoka kwenye ngazi, mgongo umeharibika. Wanamrudisha nyumbani.

Jumamosi, 5 Julai

Folau ameondoka, anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Begini mwake vimo vishikwambi viwili, cheusi cha Fusi na cha buluu cha mama. Kwao ni kisiwa cha jirani, ameahidi kuvuka avifikishe mwenyewe. Nyuma ya nyumba yetu kuna shule, intaneti yake inafika mpaka chumbani kwa mama, Fusi amehakikisha.

Jumatano, 16 Julai

Folau amepiga simu. "Nimekiweka juu ya sanduku la bati, kinamwelekea mama akikaa mkekani. Ukipiga kinafunguka chenyewe, nimekitegesha hivyo. Bata amemfurahisha."

"Nyumba umeionaje?"

"Safi."

"Watu?"

"Peni, mgongo unaniuma, nitakupigia."

Hajapiga.

Jumapili, 20 Julai

Nimemwona mama.

Amekaa mkekani na nguo ya kanisani na mkeka wa heshima kiunoni, wima, kama anapigwa picha ya pasipoti. Uso wa uji, lakini ni wake. Amekonda. Shingo imekuwa kamba mbili.

"Bata wako amelia," akasema, akacheka, na meno yake mawili ya mbele yapo bado. Nililia. Kelepi alikuwepo.

Nyuma yake nauona ukuta, kalenda ya kanisa, na pembeni mlango wenye pazia. Dada hakuonekana, ndivyo inavyopasa. Lakini nilisikia mtu nyuma ya pazia. Amekaa pale anasikiliza, na mama aliinuka mara mbili kumpelekea kitu. Mara mbili! Mama akiinuka anashika ukuta.

Jumapili, 27 Julai

Mama ana kovu jipya la moto mkononi. Chungu, anasema. Nikauliza nani alikuwa anapika. Akasema tuzungumze habari za machenza.

Akishamaliza mama husema, "Haya, baba'ngu, Mungu akulinde," anainuka, anaondoka chumbani, kama mtu anayemwacha mgeni amekaa. Hajui kuzima. Mimi ndiye nazima kutoka huku.

Kelepi naye analalamika. Mkewe anakishika kile cheusi mkononi na mkono hautulii. Mwezi huu ameona dari, kidole, tundu la pua, na mbwa. "Nimelipia paa jipya," anasema, "kila nikiomba nilione ananionyesha mbwa." Picha safi sana ya mbwa.

Jumapili, 3 Agosti

Vile vile. Mama aliinuka mara tatu.

Jumatano, 6 Agosti

Umande mpaka saa nne. Nimekaa chini ya mti, nimewaza neno baya juu ya dada, na neno hilo sikuliandika, lakini nililisema kwa sauti. Inoke alikuwa mti wa pili. Aliinuka akahamia mti wa tatu.

Jumapili, 10 Agosti

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Ilikuwa saa saba mchana hapa, kwetu saa kumi. Kelepi alikuwa anafua, mimi barazani peke yangu. Tulizungumza na mama kama kawaida. Akasema, "Haya, baba'ngu, Mungu akulinde," akaondoka.

Sikuzima.

Nilifanya kwa makusudi. Nilifunga kamera yangu, nikafunga sauti yangu, nikabaki nikitazama mkeka mtupu. Nilisema moyoni: leo nitamkamata. Nitaona mvivu anavyokula chakula anachopikiwa na kikongwe, na nikirudi Septemba nitakuwa na la kusema, mwiko au si mwiko.

Mkeka ulikaa mtupu muda wa kumenya machenza mawili. Kuku alipita. Halafu pazia likafunguka na mama akaingia kinyumenyume, mikono yake kaitoa mbele kama anavyovutwa mtu kutoka majini. Aliyeshika mikono hiyo alikuwa dada.

Alikuja kwa kuruka. Anaruka, anapumua, anaruka. Nguo aliyojifunga upande wa kushoto ilikuwa imepigwa fundo, na chini ya fundo hapakuwa na kitu. Chini ya upande wa kulia palikuwa na kiatu cheupe.

Nilijua lazima nizime. Kidole changu kilikuwa juu ya alama nyekundu. Sikuzima.

Wakafika katikati ya mkeka. Mama akasimama mbele yake, mdogo, kichwa kinafika kifuani mwa dada, akajitegemeza kwa miguu miwili kama nguzo. "Haya, niachie," akasema. Dada akaachia. Mama akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye kumi na moja dada akayumba, akaangukia begani kwa mama, na wote wawili wakapepesuka na nikasema "Mama!" kwa sauti, lakini sauti nilikuwa nimeifunga.

"Pumzika," mama akasema.

"Tena."

"Mwanangu, akija wewe ukae tu. Mtu aliyekaa hahesabiwi miguu."

"Machi sikutoka mlangoni," dada akasema. "Kidonda kilikuwa kinanuka, nikaona aibu, nikamwacha anasimama uani kama mgeni. Safari hii anikute mlangoni, nimesimama, na viatu vyake."

"Kiatu," mama akasema.

Wakacheka. Walicheka wote wawili, wameshikana, na mama akafuta macho kwa bega lake kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Ukutani, kwenye msumari chini ya kalenda, nilikiona kile cha pili. Kila Jumapili kilikuwa pale. Nilidhani ni doa la picha mbaya.

Ndipo dada akageuka akakitazama kishikwambi. Akanitazama mimi. Sikuwahi kutazamana naye hivyo tangu tukiwa watoto. Amezeeka. Ana macho ya baba.

"Hicho kimelala?"

"Kimelala. Peni ameshaaga."

"Kigeuze tu, mama. Sipendi kinavyosimama hivyo, kama mtu."

Mkono wa mama ukaja ukaziba kila kitu. Halafu nikaona ukuta, karibu sana, mbao na rangi iliyobabuka. Nilikaa nikiutazama ukuta ule. Nyuma yangu mama alihesabu tena kuanzia moja. Walifika kumi na tisa.

Ndipo nikazima.

Jumatatu, 11 Agosti

Umande. Sikuhisi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimesoma daftari hili kuanzia Aprili. Nuku'alofa, wiki nne: hospitali. Pesa ya tangi: meli na dawa. "Ile ile," mama alisema nilipouliza namba ya mguu. Nilitaka kuchana kurasa za Mei na Juni. Sikuzichana. Ni mwandiko wangu ule ule uliosifiwa.

Siwezi kusema ninajua. Nikisema, nitakuwa nimesema kwamba nilimtazama dada yangu akiwa hajajistiri mbele ya mama yake, na nilijifunika uso ili nimtazame. Kumwomba msamaha ni kumwambia nimemwona. Ataona aibu mpaka kaburini, na mlangoni hatatoka tena.

Alhamisi, 14 Agosti

Umande mpaka saa nne. Inoke alikaa mti mmoja nami. Machenza yamebaki mistari sita.

Jumapili, 17 Agosti

Bata akalia, mama akacheka. Nilijitahidi nisitazame msumari.

"Mama, nimefikiri. Miguu yako imechoka. Nataka nikuletee kiti cha magurudumu. Chako. Usukumwe kwenda kanisani."

Mama alinitazama. Sijui kishikwambi cha watoto kinaonyesha nini upande wa pili, labda naye ananiona uji. Alinitazama muda mrefu na nyuma ya pazia palikuwa kimya, hata kupumua hapakuwepo.

"Ndiyo, baba'ngu," akasema. "Miguu yangu imechoka sana."

"Basi nitakuja nacho."

"Kiwe imara."

"Kitakuwa imara."

Halafu akasema, "Haya, Mungu akulinde," na nikazima kabla hajainuka.

Jumamosi, 23 Agosti

Bundaberg. Tulipita lile duka. Kishikwambi cha buluu bado kiko kwenye meza na kamba yake, wameshusha bei. Mwenzetu mmoja mpya, wa visiwa vya Vava'u, akaniuliza kipi bora kwa nyumbani, maana wanasema mimi ni mtaalamu wa bata.

"Nunua cheusi," nikasema. "Kile cha kushikwa mkononi."

"Lakini chako si kinasimama chenyewe?"

"Kinasimama."

Akangoja niendelee. Nikatoka nje.

Kelepi alinifuata bila kuitwa. Duka la vifaa vya wagonjwa liko ng'ambo ya barabara. Viti vilikuwa vitatu, chembamba, cha kati na kipana. Muuzaji, mzee mwenye miwani shingoni, akauliza ni cha nani.

"Cha mama yangu."

"Ana urefu gani? Uzito gani? Lazima nijue, kisije kikambana."

Mama yangu ni mdogo kama kuku wa kienyeji. Angekaa katika kile chembamba na mchungaji ubavuni mwake. Nilifungua mdomo niseme urefu wa dada, na sikuujua. Miaka arobaini na minne nyumba moja, sijui dada yangu ana urefu gani. Nimemtazama mara moja tu, na nilikuwa naiba. Nilijua tu kwamba kichwa cha mama kinafika kifuani mwake.

Muuzaji akangoja. Masikio yangu yakawaka moto.

Kelepi anamjua mama tangu alipokuwa anamwibia mapapai. Juni alimtania mbele ya wenzetu, eti siku ya upepo afungwe jiwe. Nikangoja atanie. Alitoa kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Mpe kile kipana," akamwambia mzee. "Mama yake ni mtu mrefu. Kama mimi hivi. Na kiwe kile chenye kibao cha kuwekea mguu kinachotoka upande wa kushoto, maana mguu huo hautumii."

Nilimtazama. Alikuwa anatazama kofia.

"Umejua tangu lini?" nikauliza.

"Aprili," akasema. "Wote, Peni. Hata Inoke. Shika upande ule, tukibebe."